Sentimita Sitini na Moja

Fundi mwashi aliyeletwa kuziba nyufa za jukwaa aliiacha tepu yake ya kupimia kwenye ngazi, akaenda kunywa chai. Laiti angeitia mfukoni, huenda haya yote yasingetokea, au yangetokea bila mtu kujua, na kwa watu wengi hayo mawili ni mamoja.

Mtunza uwanja aliiona. Watu walimwita Chokaa, kwa kuwa miaka kumi na tisa ya kuchora mistari ilikuwa imemwingia kwenye nyufa za visigino na chini ya kucha, hata akitoka kuoga miguu yake ilionekana kama ya mtu aliyekanyaga unga. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Timu ya taifa ilikuwa imepiga kambi uwanjani hapo wiki tatu, maana uwanja mkubwa ulikuwa unaezekwa upya. Siku hiyo wachezaji walikuwa wamepumzika hotelini, na Jumanne wangepanda ndege kwenda kwenye mashindano.

Yeye mwenyewe aliwahi kuwa na tepu. Ilikatika miaka mitatu iliyopita. Aliandika barua ya kuomba nyingine, akaandika ya pili, na ya tatu karani wa ofisi akamrudishia mkononi akimwambia, "Mzee, wewe unachora uwanja au unauza viwanja?" Basi akanunua kamba ya katani, akaazima tepu ya fundi bomba, akapima mara moja tu na kufunga vitambaa: chekundu kwenye mita kumi na moja, cheusi kwenye kumi na sita na nusu. Kuanzia siku hiyo kamba ndiyo ikawa tepu yake.

Sasa aliichukua ile tepu kama mtu anayeonja chakula cha jirani, kwa hamu tu. Akaibana kwa msumari kwenye mstari wa goli, akairefusha hadi kwenye lile doa jeupe ambapo mpira wa penalti huwekwa, akainama kusoma. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Mita kumi na sentimita thelathini na tisa.

Alirudia mara tatu. Akaenda kwenye goli la upande wa pili, ikawa vilevile. Akakimbilia stoo, akaileta kamba yake, akailaza juu ya nyasi. Kitambaa chekundu kikakaa katikati ya doa, sawasawa kabisa. Kamba na doa vilikubaliana kama mashahidi waliofundishwa.

Fundi mwashi alirudi akijichokonoa meno. "Vipi, mzee, unanipimia kaburi?"

"Nilikuwa naangalia tu kama inafanya kazi," Chokaa alisema, akamrudishia.

*

Chumba chao kilikuwa chini ya jukwaa lenyewe, dari yake ikishuka kwa mteremko kufuata ngazi za watazamaji, hata upande wa kitanda ilibidi mtu ainame. Siku za mechi vumbi lilidondoka kwenye sufuria kila watu walipopiga miguu. Mkewe alikuwa ameketi mlangoni na karai, anafua vizibao vya mazoezi vya timu. Alifua kwa kupapasa, akitafuta madoa kwa vidole, kwa sababu jicho la kushoto lilifungwa na ukungu mweupe tangu siku ndoo ya chokaa ilipomrukia, na sasa la kulia nalo lilikuwa limeanza kuvuta pazia.

Daktari alisema lile la kulia likipasuliwa mapema litapona. Lakini Chokaa, kwa miaka yote kumi na tisa, alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, na kibarua hana kadi ya bima. Mwajiriwa wa kudumu anayo, na jina la mkewe huandikwa nyuma yake. Meneja wa uwanja alikwisha kuahidi. Barua ya ajira imechapwa, alisema, kambi ya timu iishe salama, mashindano yapite, nitasaini.

"Mama," Chokaa alisema, "ile kamba ya mistari, kuna mtu aliigusa?"

"Aiguse nani? Mimi niliifua tu."

"Uliifua."

"Si wageni walikuwa wanakuja? Ilikuwa imekakamaa kwa chokaa na matope kama mkia wa ng'ombe. Nikaona haya, watu wa televisheni waje wakupige picha umeshika uchafu ule. Nikaichemsha na magadi, nikaianika."

"Uliichemsha."

"Mara mbili. Mbona unarudia maneno yangu kama karani wa mahakama? Kuna nini?"

Akamweleza. Alipofika kwenye sentimita sitini na moja alinyoosha mikono kumwonyesha, kisha akakumbuka haoni vizuri, akamshika kiganja na kukiweka kwenye mkono wake mwenyewe: kuanzia hapa kwenye ncha za vidole, mpaka hapa, juu ya kiwiko.

Povu lilikuwa linapasukapasuka ndani ya karai.

"Nyuzi zikichemka hurudi, huwa fupi," mkewe alisema. "Masweta mangapi nimeyaona yakirudi. Kamba sikuifikiria kabisa." Akakamua kizibao, akakishika tu bila kukianika. "Na wao hawakuona? Watu wanaolipwa kucheza mpira?"

"Wataonaje? Mistari yote nilichora upya kwa kamba hiyohiyo, siku moja kabla hawajafika. Boksi zima limesogea. Macho hayana cha kulinganisha nacho. Kipa ndiye alilalamika, alisema mipira ya hapa inafika haraka. Kocha akamwambia afanye mazoezi ya kuruka."

"Na wale wapigaji?"

Hilo ndilo lililokuwa likimtesa. Nchi nzima ilikuwa inazungumzia penalti. Mara saba timu ilivuka makundi, na mara saba ikatolewa kwenye mechi ya kwanza ya mtoano, nne kati ya hizo kwa mikwaju ya penalti. Chokaa alikuwa ameziandika zote kwa chokaa nyuma ya mlango wa stoo, mwaka na matokeo, mstari chini ya mstari. Safari hii kocha alitangaza redioni kwamba ugonjwa umepata dawa: vijana wanapiga penalti kila jioni, na wanafunga tisini na moja kwa mia. Mshambuliaji wao, kijana waliyemwita Kipanga, amepiga arobaini na moja, amekosa moja.

"Wanafunga," Chokaa alisema, "kwa sababu wanapiga za karibu."

*

Jumatatu saa mbili asubuhi alipanda ofisini kwa meneja. Alikuwa amesugua miguu kwa jiwe, lakini meneja alimwonyesha kidole kabla hajavuka kizingiti.

"Simama kwenye gazeti hapo. Zulia jipya hilo."

Chokaa akasimama kwenye gazeti. Chini ya visigino vyake kocha alikuwa anacheka pichani, na maandishi makubwa yalisema: TISINI NA MOJA KWA MIA.

Alieleza yote, bila kumtaja mkewe. Alisema kamba ilipata maji. Meneja alisikiliza akizungusha kalamu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na mama wa nyumbani."

"Na huyo fundi mwenye tepu?"

"Alikuwa anakunywa chai."

"Vizuri." Meneja akaiweka kalamu chini. "Wewe si ndiye unayeandika kumbukumbu mlangoni kule stoo? Tumefika mtoano mara ngapi?"

"Mara saba, bwana."

"Tukatolewa mara ngapi?"

"Saba."

"Kamba yako ilikuwepo mara hizo saba?"

"Haikuwepo."

"Basi. Watu hawa wametolewa bila msaada wako, wakitaka kutolewa tena wanajua njia." Alicheka kidogo, akaacha. "Sikiliza, mzee. Wanasafiri kesho. Nikienda leo kwa kocha nikamwambia vijana wako walikuwa wanapiga penalti za watoto wa shule, nimewavunja miguu kabla hawajapanda ndege. Na swali la kwanza nitakaloulizwa mimi ni hili: kwa nini uwanja unaotumiwa na timu ya taifa unapimwa kwa kamba ya kuanikia nguo?"

"Niliomba tepu, bwana. Niliandika."

"Sijasema hukuandika." Akavuta droo, akatoa karatasi, akaigeuza ili Chokaa aione kutoka mlangoni. Jina lake lilikuwepo, kamili, lile ambalo hakuna aliyemwita. "Mama anaendeleaje na macho?"

"Yanazidi kufifia."

"Nasikitika sana. Mashindano yakiisha nasaini hii. Huko wanakokwenda viwanja vimepimwa, watapiga, watazoea. Wewe subiri ndege iruke, kisha usogeze mistari yako taratibu. Nitakutafutia tepu." Akairudisha karatasi ndani. "Ukitoka lichukue hilo gazeti. Umeshalichafua."

Jioni ile timu ilifanya mazoezi ya mwisho. Chokaa alisimama karibu na bendera ya kona. Walipiga ishirini, wakafunga kumi na tisa. Kipanga alipomaliza yake alimpitia, akampigapiga begani. "Uwanja wako una baraka, mzee wangu. Tungeubeba twende nao."

Chokaa alijibu, "Nendeni salama, mwanangu."

Asubuhi yake tepu mpya ililetwa, ikiwa bado ndani ya karatasi yake, na ndege iliporuka Chokaa akairudisha mistari yote mahali pake. Miaka mitatu bajeti haikuwepo, na kwa siku moja ikapatikana.

*

Timu ilivuka makundi. Magazeti yaliandika kwamba kocha ameondoa penalti kwenye ratiba ya mazoezi huko waliko. Somo hilo, alisema, tumelimaliza nyumbani, sasa tunahifadhi miguu. Chokaa alisomewa habari hiyo mgahawani na kinyozi mmoja aliyekuwa na gazeti, akaomba asomewe tena.

Mechi ya mtoano ilichezwa Jumamosi saa kumi alasiri. Mgahawa ulioko mbele ya geti la uwanja ulijaa hadi nje. Chokaa alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka bila kuombwa nafasi.

"Mtoano kwetu sisi ni kama shemeji yangu," kinyozi alisema. "Kila akija, akiondoka kuna kitu hakipo."

"Nyamaza, leo kuna penalti za kisayansi," mwingine akamjibu. "Tisini na moja kwa mia. Mimi naomba hata tusifunge, tufike tu kwenye penalti."

Wakacheka. Ilipofika dakika ya mia na ishirini na ubao bado unasoma moja kwa moja, mgahawa ulilipuka kwa furaha, watu wakakumbatiana kana kwamba wameshinda tayari. Chokaa peke yake aliketi. Alivuta kreti la soda, akalikalia.

Wa kwanza wa kwetu aligonga mwamba. Watu wakasema bahati mbaya. Wa pili alifunga. Wa tatu alipiga palepale alipozoea kupiga, na kipa akapata muda wa kuufikia mpira. Wa nne alikuwa Kipanga, na ilibidi afunge. Aliuweka mpira, akarudi nyuma hatua zake tano zilezile, akaja, na mpira ukaondoka vizuri kabisa, kwa kasi nzuri, ukipanda kidogokidogo, ukipanda, hata ulipofika golini ulikuwa umeshapita juu ya mwamba kiasi cha kiganja, ukaenda kwa watazamaji.

Kinyozi aliinuka, akazima televisheni kana kwamba ni yake, na mwenye mgahawa hakumkataza.

Chokaa alikwenda stoo. Alichovya kidole, akaandika mstari wa nane chini ya ile saba. Mkono wake ulizoea kuandika vizuri, na hata siku ile uliandika vizuri.

*

Mwanzoni watu walihuzunika. Kisha wakatafuta mtu. Na ile hesabu ambayo kocha aliitangaza kwa majivuno ndiyo iliyogeuka kamba shingoni mwa Kipanga. Mtu anayefunga arobaini kati ya arobaini na moja, magazeti yaliuliza, anawezaje kupeleka mpira jukwaani siku ya siku? Hivi miguu husahau kwa wiki mbili? Redioni mtu alipiga simu, sauti yake haikuwa na haraka, akasema kwamba yeye hana ushahidi, anauliza tu: nani alimpa kitu yule kijana? Baada ya hapo kila mtu alikuwa anauliza tu.

Dirisha la nyumba ya mama yake likavunjwa. Chama cha soka kikaunda kamati ya watu watano, ikae Ijumaa. Akionekana ameuza mechi, atafungiwa maisha.

Jumatatu meneja alimwita Chokaa. Safari hii hakukuwa na gazeti chini. Zulia lilikuwa limefunikwa nailoni.

"Kamati wanaweza kuja kuangalia uwanja," meneja alisema. "Utawapimia kwa tepu, watakuta kumi na moja kamili. Hutasema uongo hata mmoja."

"Na yule kijana?"

"Yule kijana ana miaka ishirini na mitatu na miguu miwili. Mke wako ana jicho moja." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesoma vipimo. "Ijumaa jioni, kamati ikimaliza kazi yake, njoo uchukue barua. Nimeshaongea na hospitali, wamemwandika mama wiki ijayo."

Chokaa alirudi chumbani akamweleza mkewe habari ya hospitali. Ya kijana hakuisema, lakini redio ya mgahawani ilikuwa inasikika hadi chini ya jukwaa, na mtu akipoteza macho masikio hayakosi kazi. Mkewe aliuliza swali moja tu.

"Kamba uliitupa?"

"Ipo chini ya kitanda. Nitaichoma."

"Haya," alisema.

*

Jumatano, saa tisa alasiri, Kipanga alikuja. Alivaa kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi, na alikuwa na mpira ndani ya mfuko wa nailoni, kama mtu aliyeuiba. Mlinzi wa geti alimwachia akiangalia pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nipige kidogo. Sitakaa sana."

Chokaa alikuwa anakata nyasi kandokando ya goli. Angeweza kusema uwanja umefungwa. Alisogea, akampisha.

Kijana alivua kofia. Alipiga kumi. Zote alizipiga vilevile: hatua tano, bega la kushoto likishuka, mpira juu kulia. Sita ziliingia. Nne zilipita juu, na zile nne zilipita kwa kiasi kilekile, kiganja kimoja. Alikwenda kuufuata mpira kila mara mwenyewe, bila kukimbia, na alipomaliza ya kumi alikuja akasimama juu ya doa, akaangalia goli, akaangalia doa, akaangalia goli.

"Mzee, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Nisije nikaonekana nimerukwa na akili. Hapa pamebadilika?"

"Nyasi zimekua. Mvua imenyesha."

"Siyo nyasi." Alijikuna kichwani. "Unajua kitu kama nyumba uliyokulia, ukirudi mlango umekuwa mdogo? Hiki ni kinyume chake. Goli limekuwa mbali. Kule nilipokosa niliona hivihivi, nikasema ni woga. Leo hakuna hata mtu mmoja hapa. Namwogopa nani?"

Chokaa alishika fyekeo lake kwa mikono yote miwili.

"Kamati wataniuliza Ijumaa," kijana aliendelea. "Watasema, hapa ulikosa moja tu, tueleze. Sina la kueleza. Mama yangu mwenyewe jana aliniuliza. Alipika, akaniwekea chakula, akakaa, akaniuliza kama kuna mtu alinipa kitu. Mama yangu." Sauti yake haikupanda. "Kwa hiyo nimekuja kukuuliza wewe, kwa sababu uwanja ni wako. Doa hili ni lilelile?"

Mtu huweza kukaa miaka kumi na tisa akichora mistari iliyonyooka, kisha akaulizwa neno moja. Chokaa aliliona jicho la mkewe likiwa limefungwa bandeji, kisha likifunguliwa, likimwona. Aliliona wazi kabisa.

"Ni lilelile, mwanangu," alisema.

Kijana akatikisa kichwa. "Basi ni mimi," alisema. Akainama kuuchukua mpira.

Nyuma yao kulisikika kitu kikiburuzwa. Mkewe Chokaa alikuwa ametoka chumbani. Alikuwa anakuja akifuata mstari wa pembeni, mguu mmoja juu ya chokaa, kama anavyotembea mtu anayeujua ukuta wake gizani, na nyuma yake kamba ilikuwa inamfuata kwenye nyasi. Alipofika golini alipapasa nguzo, akahesabu hatua hadi katikati ya goli, akapiga magoti, akaibana ncha ya kamba kwenye mstari wa goli kwa goti.

"Ivute," alimwambia mumewe.

"Mama, rudi ndani."

"Huwezi? Basi nitamwambia mgeni anivutie."

Kipanga aliuweka chini mpira, akaichukua ile ncha nyingine, akaivuta hadi ikanyooka. Kitambaa chekundu kilikaa kwenye nyasi tupu. Kati ya kitambaa na doa kulikuwa na nafasi ambayo mtu angeweza kulaza mkono wake, kuanzia ncha za vidole mpaka juu ya kiwiko.

"Doa lilikuwa hapo kwenye kitambaa, mlipokuwa hapa," mama yule alisema. "Mwanzo kamba ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeifua. Niliichemsha ili iwe safi, mje mkute pasafi. Ikarudi. Mume wangu alichora kwa kamba iliyorudi, hakujua. Alipojua mlikuwa hamjaondoka, akaenda kusema juu huko, akaambiwa anyamaze. Amenyamaza kwa ajili ya macho yangu. Hayo ndiyo yote, hakuna jingine."

Kijana aliuchukua mpira, akauweka penye kitambaa. Hatua tano. Mpira ulipanda kidogokidogo, ukapita chini ya mwamba, ukatikisa wavu. Akaufuata, akauweka tena. Ukaingia. Alipiga saba, saba zikaingia mahali pamoja, hata wavu ukafanya kifuko pale. Baada ya ya saba alikaa chini juu ya nyasi, akajifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika. Mama yule alisikia, lakini hakujua aelekeze uso wake upande gani.

"Mzee," kijana alisema baadaye, akijifuta kwa fulana. "Ulinipigapiga begani siku ile?"

"Wewe ndiye uliyenipigapiga mimi."

"Ndiyo. Nilisema uwanja wako una baraka."

Chokaa alikuwa ameinamisha kichwa. Fyekeo lilikuwa limemdondoka, hakujua lini.

"Mama, utakuja kuyasema haya Ijumaa?"

"Nitakuja. Ila uje unichukue. Barabara hii sioni magari."

"Mtafukuzwa hapa."

"Hilo tunalijua kabla yako."

Kijana aliikunja kamba taratibu, duara juu ya duara, akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na mpira. Alimshika mama yule mkono kwa mikono yake miwili. Kwa Chokaa alisimama kidogo, kisha akavaa kofia yake akaenda zake getini.

*

Walibaki wawili. Juu kabisa, kwenye dirisha la ofisi, pazia lilisogea, likarudi.

"Unajua ulichofanya?" Chokaa aliuliza.

"Najua. Nimeivuta kamba. Kazi ambayo ni yako."

Mkewe alijifuta magoti, akamwambia aende amletee karai la nguo, vile vizibao vya timu vilivyorudi kutoka safarini, ambavyo vilikuwa vimekaa siku tatu na harufu ya unyevu. Miaka yote walikatazwa kuanika mbele, nguo zisionekane na wageni. Alikuwa akianika nyuma ya jukwaa, mahali pasipofika jua, zikikauka kwa siku mbili na kunuka ukungu.

Aliporudi na karai, mkewe alikuwa amesimama chini ya goli, mkono mmoja umeshika nguzo. Alichukua kizibao cha kwanza, akakikung'uta, akanyoosha mikono juu, akakitupa kwenye mwamba. Hakikufika. Akakitupa tena.

"Mama, hapo tumekatazwa."

"Kwani tutafukuzwa mara ngapi?" alisema. "Niinulie, wewe ni mrefu. Jua la leo ni zuri, hata mimi naliona."

Chokaa akakipokea kizibao mkononi mwake, akakitandaza juu ya mwamba, akakinyoosha kingo vizuri kama mstari. Kisha akanyoosha mkono apewe cha pili.